Mwaka wa kwanza wa udaktari: pointi mbele, na kitu kimoja pembeni

Mu familia mingi za wafanyakazi wa mine, mtoto anapata egzetat, anaandikishwa ku fakilte ya medesini, na nyumba nzima inashangilia. Miezi michache nyuma, intero za kwanza zinaanguka na kila mtu anajiuliza: mtoto wetu ameharibika wapi? Mara mingi haiko akili njo inakosekana. Ni masaa.

Ndugu wasomaji, tuanze na feza, juu njo inaumiza mbele.

Wazee wetu wanakumbuka wakati wa Union Minière, na nyuma yake Gécamines. Kampuni ilitoa posho, ilijenga nyumba, hospitali na shule, na mtoto wa mfanyakazi alisoma bila baba yake kuhesabu sana. Ile wakati iliisha. Ku 2003 na 2004, wafanyakazi 10 655 wa Gécamines walitoka mu kazi kwa ule mpango wa « départ volontaire », na mu nyumba mingi masomo yakarudi ku mkono wa mzazi peke yake. Leo, baba awe ku kampuni kubwa, ku sous-traitance ao awe mchimbaji wa mikono, anajua bei ya minervali, bei ya chumba, bei ya silabusi na bei ya transport ya kila siku.

Kwa hiyo mtoto moja akifika L1 ya sayansi za biomedikali, anabeba wengi ku mgongo. Akidubla, minervali inalipwa mara mbili kwa mwaka ule ule, na mdogo wake anayengoja zamu ya kuanza unif anaongeza mwaka mu kungoja. Hii njo sababu tunataka kuzungumza waziwazi juu ya jambo ambalo watu wanaona ni dogo: korali, mupira, klabu ya Kingereza, komite ya wanafunzi, biashara ndogo ya pembeni. Ipi mwanafunzi mupya wa udaktari aendelee nayo, na ipi aache?

Mlango wetu si mlango wa Marekani

Vijana wetu wana simu, na ku simu wanakuta mashauri mingi ya wanafunzi wa Marekani. Wanaambiwa: usibaki na pointi tu, ingia mu klabu tatu, fanya kazi ya kujitolea, kuwa kiongozi. Mashauri ile si ya uongo, lakini ni ya mlango mwingine.

Kule Marekani, kijana akimaliza sekondari haingii moja kwa moja mu udaktari. Anafanya mbele miaka minne ya koleji, anapita mtihani unaoitwa MCAT, kisha anaomba nafasi ku shule ya udaktari, na kule atasoma tena miaka minne. Mu fomu ya kuomba, inayoitwa AMCAS, kuko nafasi ya kuandika mpaka shuguli 15 alizofanya inje ya darasa. Watu wanaochagua wanasoma ile liste. Kwa mwanafunzi wa kule, kwenda kusaidia ku hospitali ao kuongoza timu ni sehemu ya dosie.

Hapa kwetu, kijana anaingia ku fakilte ya medesini na diplomi ya Leta ku mkono. Kuko mbele miaka ya sayansi za biomedikali, nyuma yake miaka ya kliniki. Tangu mwaka wa masomo 2021-2022, unif zetu ziliingia mu mfumo wa LMD: mwaka moja ni kredi 60, semestri moja ni kredi 30, na somo linapatikana ku 10 juu ya 20. Siku ya deliberasyo, juri inaangalia kemia, fizika, biolojia, anatomia. Hakuna kolone ya kuandika kama ulikuwa prezida wa korali.

Hii haimaanishe kwamba korali haina maana. Inamaanisha kwamba mwanafunzi wa Lubumbashi hafanyi shuguli za pembeni juu ya kujaza karatasi. Anazifanya kwa sababu zingine tatu: mwili, roho, na mkate. Kama shuguli haileti hata moja ya hizi, inamwibia tu masaa.

Masaa 168, hayaongezeke

Tuchukue mfano. Binti wa mfanyakazi wa Kolwezi amekuja kusoma Lubumbashi, kilometre karibu 300 kutoka kwao. Anaishi kwa mjomba wake mu komini ya Kenya. Juma moja lina masaa 168, kwa daktari na kwa kapita sawasawa. Tuyagawanye.

Masomo na TP: 30. Usingizi wa masaa saba kila usiku: 49. Njia ya kwenda na kurudi, pamoja na kungoja taxi-bus: 10. Kula, kuoga, kufua: 14. Kazi za nyumba kwa mjomba, masaa mawili kila siku: 14. Misa ao ibada: 4. Jumla ni 121. Anabaki na 47.

Kama kila saa ya darasa inaomba saa moja ya kurudilia peke yake, na mu L1 biomed hii si ya kuzidisha, anatoa tena 30. Anabaki na 17. Hapo njo nafasi yote aliyo nayo ya mambo mengine, pamoja na ugonjwa, wageni, na kupanga musururu ku aparitora juu ya karatasi moja.

Sasa tuweke maisha aliyokuwa nayo mu humanités. Korali, repetisyo tatu kwa juma: masaa 9. Klabu ya Kingereza: 6. Kuuza kredi ya simu na beignets ya mama mdogo jioni: 10. Inafika 25. Alikuwa na 17, kwa hiyo anakosa 8.

Yale masaa nane atayapata wapi? Hatayapata ku taxi-bus, wala ku prof. Atayakata ku usingizi ao ku kurudilia masomo, na hakuna atakayemuona. Korali itamuona kama hakuja. Silabusi ya kemia haitapiga simu. Ndiyo maana masomo njo yanaliwa mbele, bila ubaya wa mtu yeyote.

Tunaomba kila mwanafunzi mupya aandike hesabu yake hivi, ku karatasi, mu majuma mawili ya kwanza. Tarakimu zake zitakuwa zingine. Anayelala ku home ya Kassapa atapata masaa ya njia. Anayetoka Ruashi atapoteza. Lakini jumla ni ile ile.

Shuguli kubwa ya pembeni ni nyumba

Watu wakisikia « activités », wanafikiri mupira na korali. Lakini kwa watoto mingi wa familia zetu, shuguli inayokula masaa mingi kuliko zote ni nyumba yenyewe: kutafuta maji, kuwasha mbabula, kupika bukari, kuangalia wadogo, kwenda ku soko. Na tuseme wazi: inakula masaa ya binti kuliko ya kijana. Kaka na dada wanaweza kuwa mu oditwari moja, ku benchi moja, na silabusi moja. Jioni, yeye anafungua karatasi, dada yake anapepeta unga. Ku deliberasyo watalinganishwa kwa kipimo kimoja, na watu watasema binti hakuwa na akili.

Tena kuko vilio. Kwetu mtu hakufi peke yake, na hatutaki desturi hiyo iishe. Lakini mu familia kubwa, kilio kinaweza kufika mara mbili mu mwezi, na kila kimoja kinaomba siku mbili ao tatu. Nyuma yake zinakuja ndoa, mikutano ya mahari, batizo. Mwanafunzi hana nguvu ya kukataa. Akikataa, wanasema unif imempa kiburi. Mkubwa wa familia njo anaweza kusema: « Huyu mtoto atakuja ku maziko, halafu arudi kusoma, nafasi yake ya kulala ku kilio mimi nitaishika. » Maneno hayo yakitoka ku kinywa cha baba ao cha mjomba, hakuna anayeudhika. Yakitoka ku kinywa cha mtoto, ni vita.

Usingizi: wachimbaji wanaijua hii

Ku mine, siku hizi kila timu inaambiwa juu ya uchovu mbele ya kupanda ku masini. Si maneno ya bure. Mu mwaka 1997, watafiti wawili wa Australia, Dawson na Reid, walilinganisha watu waliokesha na watu waliokunywa pombe. Waliona kwamba mtu aliyekaa macho masaa 17 mikono na akili yake vinafanya kazi kama vya mtu mwenye pombe 0,05 % mu damu. Akifika masaa 24 bila kulala, ni kama 0,10 %. Mu inchi mingi, na kipimo hicho polisi wanakunyanganya gari.

Hakuna baba ambaye angependa kijana wake aendeshe kamio ya tani mingi akiwa mlevi. Lakini kila mwaka tunasifu watoto wanaokesha siku tatu mbele ya mitihani. « Mutoto yangu halale, anasoma tu! » Ubongo wa yule mtoto unaingia mu mtihani wa fizika umelewa. Tena usingizi njo saa ambapo ubongo unapanga yale uliyoyasoma muchana. Ukikata usingizi, unasoma na kumwanga.

Kwa hiyo ku zile hesabu za masaa 168, usingizi ni wa mwisho kuguswa. Mbele ya kugusa usingizi, ondoa shuguli.

Kusoma saa moja kama saa moja

Kuko njia nyingine ya kupata masaa: kusoma vizuri zaidi. Wengi wetu tulifundishwa kusoma silabusi mara tano, tukipiga mistari ya rangi. Mu 2006, wataalamu wawili wa Marekani, Roediger na Karpicke, walijaribu jambo hilo na wanafunzi wa unif. Kundi moja lilisoma andiko moja mara nyingi. Kundi lingine lilisoma mara moja, kisha likafunga karatasi na kujaribu kuandika yote lililokumbuka, tena na tena. Dakika tano nyuma, waliosoma sana walikumbuka zaidi. Lakini juma moja nyuma, mambo yaligeuka: waliojipima walikumbuka karibu 61 %, waliosoma tu 40 %.

Mwili wa mtu mzima una mifupa 206, na mu mwaka wa kwanza anatomia inaanza na mifupa hiyo. Kusoma liste mara kumi haitoshe. Funga silabusi, chora mfupa wa paja ku karatasi tupu, andika majina, kisha fungua uone umekosea wapi. Rudilia kesho, rudilia tena nyuma ya siku tatu, tena nyuma ya juma. Hii inafanyika hata mu taxi-bus, hata ukingoja maji ijae mu bidon, juu haiombe meza wala taa.

Na juu ya taa: wote tunajua SNEL. Yule anayepanga kusoma kila siku saa mbili za usiku anasoma siku umeme inapenda. Masaa yaliyo salama ni yale ya muchana, kati ya somo na somo, pale pale ku kampusi. Saa moja na nusu ya muchana, simu imezimwa, inashinda masaa matatu ya usiku na mshumaa, kichwa kikianguka.

Kitu kimoja cha kubakisha

Sasa tusianguke ku upande mwingine. Kuko mwanafunzi anayeacha yote: hachezi, haimbi, hasalimie mtu, anakaa paka ku kiti na silabusi. Ku mwezi wa tatu anaumwa kichwa, hana mtu wa kumuuliza swali, na intero moja ikianguka anafikiri maisha imekwisha. Shirika la Afya Duniani, OMS, linashauri mtu mzima atembeze mwili dakika 150 kwa juma, hata kwa kutembea kwa haraka tu. Tena madaktari wanafanya kazi mu timu, na mtu asiyejua kukaa na watu atapata shida ku hospitali, hata akiwa na pointi 18.

Basi mu L1, bakisha kitu kimoja. Cha kuchagua ni kipi? Sisi tungetazama hivi. Je, kinaweza kusimama mwezi mzima wakati wa blocus bila mtu kukasirika? Kiko karibu na pale unapolala ao unaposoma? Ukitoka pale, unarudi na nguvu ao umechoka?

Mupira wa kartie, jumapili moja asubuhi, unapita vizuri. Kama ni kufuata kila mechi ya Mazembe na mazungumzo yake mpaka usiku, hiyo ni jambo lingine. Korali inaweza kupita, kama kiongozi anakubali repetisyo moja kwa juma. Repetisyo tatu na safari za kuimba, hapana, si mwaka huu. Kusomea huduma ya kwanza na vijana wa Croix-Rouge ni kuzuri: kijana anajifunza kufunga kidonda na kubeba mtu aliyeanguka, na mu makambi ya wachimbaji ujuzi huo haukai bure hata siku moja.

Kuwa CP, chef de promotion, kunavuta. Prof anakujua jina, wenzako wanakuita mukubwa. Lakini CP njo anayepiga fotokopi, anayetafuta prof, anayebeba matusi ya wote kama oditwari imefungwa. Bleu anayekuja kutoka mbali, na ambaye haijui unif bado, aache kazi hiyo kwa mwaka wa pili.

Na yule anayelazimika kutafuta franga? Hatuwezi kumwambia aache, juu bila franga hata silabusi hataipata. Lakini kazi zote hazifanane. Kuuza ku barabara masaa 10 kunaleta makuta tu. Kufundisha kemia ao biolojia kwa watoto wa humanités wanaojitayarisha kwa egzetat kunaleta makuta na kurudilia somo kwa pamoja. Anayemwelezea mwingine hesabu ya mole mara tatu hatasahau tena mole ni nini. Wazazi wa kartie mingi wanatafuta repetiteur; kijana wa medesini hakosi wa kufundisha.

Docteur Denis Mukwege, aliyepata tuzo ya Nobel ya amani mu 2018, ni mtoto wa mchungaji wa Bukavu. Akiwa mtoto alikuwa anasindikiza baba yake kutembelea wagonjwa na kuwaombea. Ameeleza kwamba pale, mbele ya mtoto mgonjwa, njo aliona kwamba nyuma ya maombi kunatakiwa pia dawa, na yeye akataka kuwa mwenye kuleta dawa. Ile kutembea na baba haikuandikwa ku buletini yoyote. Lakini ilimwonyesha sababu ya kusoma. Shuguli nzuri ya pembeni inafanya kazi hiyo: siku kemia inapokuwa ngumu, inakukumbusha unaenda wapi.

Weka tarehe ya kuangalia tena

Uamuzi wa mwezi wa kwanza si wa milele. Tunashauri mwanafunzi na mzazi wake waweke tarehe: siku matokeo ya intero za kwanza yanatoka, na tena ku mwisho wa semestri ya kwanza. Siku hiyo wanakaa pamoja, karatasi ku meza.

Kama masomo makubwa yote yako juu ya 12, kile kitu kimoja kinaendelea, na mwaka ujao kinaweza kuwa viwili. Kama yako kati ya 10 na 12, kinapunguzwa nusu. Kama kuko somo kubwa chini ya 10, kinasimama mpaka semestri iishe, na kiongozi wa korali ao wa timu anaambiwa kwa heshima, mapema, kwa kinywa, si kwa kutoroka. Wengi wanaelewa. Timu inayomkasirikia mtoto anayeenda kupita mtihani haikuwa timu ya kumsaidia.

Na kama matokeo ni mabaya, asiyafiche. Mu LMD, kredi ulizozipata zinabaki zako. Haurudilie yale uliyoyashinda. Mwanafunzi aende aulize ku aparitora ya fakilte yake namna kredi zinavyohesabiwa na ni somo gani atapita tena. Aliyekosa somo moja ana kazi ya somo moja. Aliyeficha mpaka mwezi wa nane ana kazi ya mwaka mzima, na deni ya uongo juu yake.

Kwa baba na mama

Mzazi wa ku mine anaijua kazi ya zamu. Posti ya usiku ikitoka, posti ya asubuhi inaingia, na hakuna kapita anayemwambia mtu aliyetoka usiku arudi mu shimo muchana ule ule. Mtoto wa L1 naye iko mu posti. Tunaomba familia impangie nyumba kama posti: siku fulani anapika, siku fulani kaka yake anapika, na masaa mawili ya jioni hatumwi popote.

Kama anaishi kwa ndugu, mzazi azungumze na yule ndugu mbele ya masomo kuanza, uso kwa uso ao kwa simu, juu ya kazi gani mtoto atafanya na gani hatafanya. Kutuma mfuko wa unga na kunyamaza kunaacha mtoto alipe chumba kwa masaa yake, na hakuna anayejua bei.

Wafanyakazi wa kampuni waulize delege sandika kama konvansyo kolektivu ya kampuni yao inasema kitu juu ya masomo ya watoto wa unif. Ku kampuni moja iko, ku nyingine haiko, lakini asiyeuliza hapati.

Na siku mnapopiga simu ku Lubumbashi, swali la kwanza lisiwe « Umepata ngapi? » Muulizeni: « Usiku umelala masaa ngapi, na juma hili umesoma masaa ngapi? » Masaa yakiwa mahali pake, pointi zinakuja na kukaa. Yakikosekana, hata mtoto mwenye akili kuliko wote wa kambi atarudi nyumbani na karatasi ya sesyo ya pili, na ninyi mtaanza tena kuhesabu minervali.